Miguu Isiyotaka Kulala

Kericho, njia ya Kapkatet
4 Machi 1934

Dada yangu Wilkista,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mke wangu Syprose. Sisi ni wazima wa mwili. Barua hii ukimaliza kuisoma uichome, na usimsomee mtu yeyote hapo hospitali ya misheni, hata wale unaosali nao.

Nina swali moja, nawe unijibu ukweli kwa sababu wewe ni mkubwa na unakumbuka zaidi. Tulipokuwa wadogo, baba akiwa hai, mama alikuwa akitoka nje usiku?

Nilipomleta hapa baada ya mavuno nilidhani anatafuta choo. Sasa najua si choo. Tukizima taa anaanza kujigeuza, kitanda kinalia, halafu naskia mlango. Anatembea kutoka kwetu mpaka kwenye bomba la maji, anarudi, anakwenda tena, mpaka majogoo. Mchana anasinzia akiwa ameketi, tonge la ugali mkononi. Nikimuuliza anasema, "Kuna kitu kinatambaa ndani ya miguu, Kepher. Si kwenye ngozi, ni huko ndani kwenye mfupa. Nikitembea kinanyamaza. Nikilala kinaanza." Nimeitazama miguu yake kwa taa. Haina uvimbe wala kidonda. Ni miguu ya mama tu.

Hapa laini, nyumba za wafanyakazi wa chai zimebanana na watu hawana siri. Jumanne nyapara wetu, Omwenga, alinisimamisha mlangoni pa kiwanda. "Fundi, mama yako anatafuta nini nyuma ya nyumba za watu usiku?" Nilicheka, Dada. Nilicheka kama mpumbavu, na yeye hakucheka.

Kwetu mtu wa kukimbia usiku ana jina lake. Jajuok, mchawi. Nimeliandika mara moja na sitaliandika tena. Nawe unajua wanasema kitu hicho ni cha ukoo, kinatoka kwa mzazi kinaingia kwa mtoto.

Kila jioni nampelekea vumbi la chai kutoka kiwandani, Syprose anampikia nzito na sukari kama anavyoipenda, nikidhani itamtuliza. Hatulii. Naogopa.

Ndugu yako,
Kepher Ogola


Hospitali ya Misheni, karibu na Kisumu
13 Machi 1934

Kepher,

Barua yako sikuichoma. Niliisoma mara mbili nikiwa nafua mashuka ya wagonjwa, na mara ya pili nililia kwa hasira.

Umemwita mama yetu jina hilo? Mwanamke aliyetulea peke yake tangu uko darasa la kwanza?

Umeuliza, nitakujibu. Ndiyo, alikuwa akiamka. Ulipokuwa tumboni alikuwa akiamka kila usiku, na baba alimkandakanda miguu kwa samli huku akimtania kwamba ameoa ndama asiyetulia. Ulipozaliwa ikapungua. Baba alipokufa ikarudi, lakini wakati huo tulikuwa na boma letu, na mtu anaweza kuzunguka boma lake usiku mzima bila kuulizwa na nyapara. Wewe ulikuwa umelala. Mimi nilikuwa macho.

Sasa fanya hivi. Usimuulize kama askari. Mwache Syprose amuulize, wanawake wawili, polepole. Inaanza saa ngapi? Miguu yote miwili? Anakula nini? Akiinuka ghafla anapata kizunguzungu? Hapa kuna daktari ambaye hupenda kusikiliza wazee, nami nitamweleza. Niandikie upesi, wala usimwache atembee peke yake kwenye baridi hiyo ya Kericho. Mpe blanketi langu nililowaachia.

Dada yako,
Wilkista


Kericho
26 Machi 1934

Dada Wilkista,

Mambo yamekuwa mabaya.

Jirani yetu Nyanchoka, yule wa nyumba ya tatu, alikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili. Homa ilimshika Jumatano, Ijumaa asubuhi tukamzika. Wapo watu waliomwona mama usiku ule wa Alhamisi, amesimama nyuma ya nyumba ya Nyanchoka. Hata si kupita, amesimama. Mmoja anasema alimskia akinong'ona. Nilipomuuliza mama alikuwa anafanya nini hapo, aliniangalia tu, akasema, "Muulize mwenye nyumba." Sasa mimi nitamuulizaje mwanamke aliyezika juzi?

Jana baada ya kanisa watu walikaa kwa Omwenga. Watu wa kwetu na watu wa kwao pamoja, siku nyingine hawakubaliani hata juu ya zamu ya bomba, lakini jana walikubaliana. Omwenga alinijia jioni. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi nina watoto wanne, fundi. Siwezi kuwazuia hawa vijana kila siku. Jumamosi ya kwanza ya mwezi mpya, huyu mama asiwe hapa." Nikamwambia hana mahali, boma letu limeanguka. Akasema, "Mimi nimekuambia."

Usiwe na wasiwasi mwingi lakini. Nimepata njia. Mama hatembei nje tena usiku. Amepumzika. Hao watu wakiona wiki nzima imepita bila kumwona nje, watasahau.

Maswali yako nitajibu siku nyingine. Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya dirisha, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Kepher


Kericho
31 Machi 1934

Wifi yangu Wilkista,

Ni mimi Syprose. Kepher hajui kama ninaandika. Barua naipeleka posta mwenyewe, nimesema naenda kununua chumvi.

Alikuambia amepata njia. Njia yenyewe ni kufuli. Kila jioni anampeleka mama katika jiko letu la paa la nyasi lililo nyuma ya nyumba, anamwekea mkeka na blanketi lako, halafu anafunga kwa nje na kuvaa ufunguo shingoni. Leo ni siku ya tano.

Wifi, sijawahi kusikia kitu kama hicho. Anapiga ukuta kwa miguu, tum, tum, tum, halafu kimya, halafu tena. Kuna saa analia na kuna saa anaomba Mungu. Asubuhi Kepher akifungua, mapaja na mashavu ya miguu yamechubuka kwa kusuguliwa, na tope la ukuta limemwagika chini. Jana ametoka akitambaa.

Nitakwambia ukweli, mwanzoni nilimwogopa. Mimi pia nina mimba ya miezi minne, na nilisikia maneno ya bombani. Nilikuwa naweka kisu chini ya mto. Lakini usiku wa tatu nilishindwa. Nilikwenda nikaketi nje ya mlango wa jiko, nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akaacha kupiga ukuta. Nikamuuliza maswali yako. Alisema inaanza giza likiingia, na miguu ni yote miwili. Akisimama ghafla anaona nyota. Chakula hakimpiti, ila chai. Nikauliza, "Inauma?" Akasema, "Ingekuwa inauma ningelia nimalize. Haiumi. Ni kama mtu ananivuta mishipa kwa ndani akiniambia ondoka, ondoka, na mimi nimefungiwa."

Nilimwomba Kepher ufunguo. Alisema, "Unataka waseme na wewe ni mchawi?"

Kuna jambo lingine, sijui kama ni vizuri kuliandika. Kepher naye halali. Akilala kidogo anainuka, anasugua miguu kwa mti wa kitanda, anakwenda dirishani, anarudi. Anadhani nimelala. Imekuwa hivyo tangu kabla mama hajaja. Sikumwambia mtu na sitamwambia.

Jumamosi ile ya Omwenga ni tarehe saba. Vijana wamesema wazi kwamba wanajua mama analala wapi. Wifi, lile jiko ni la nyasi, na ufunguo hauko kwangu.

Mimi wako,
Syprose


SIMU YA POSTA
Kisumu, 4 Aprili 1934
KWA KEPHER OGOLA, KIWANDA CHA CHAI, KERICHO
FUNGUA MLANGO. NAKUJA KWA TRENI JUMAMOSI. WILKISTA


Kericho
Jumapili, 8 Aprili 1934

Dada Wilkista,

Hukuja. Nilikungoja jana mpaka jua likazama na hukuja, kwa hiyo naandika, sijui hata kama uko huko wa kusoma.

Mama hayupo.

Simu yako niliipata Alhamisi asubuhi. Niliiweka mfukoni. Siku nzima nilikuwa kiwandani kwenye tanuri la kukaushia majani, karatasi ile iko mfukoni, na jioni nikamfungia tena. Nakuambia hili ili usinihurumie. Ijumaa usiku ndipo nilipokwenda na ufunguo. Nilifungua, nikasema, "Mama, toka." Alikuwa amejikunja pembeni kabisa, mgongo umebana ukuta. Hakutoka. Nikaacha mlango wazi nikarudi ndani, kwa sababu sikuweza kuvumilia alivyoniangalia. Asubuhi jiko lilikuwa tupu. Blanketi pia halikuwapo.

Jana usiku walikuja. Labda watu ishirini, wengine nafanya nao kazi. Hawakusema neno, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, ukimya wao. Walisukuma kijiti cha kuzuia mlango wa jiko, wakatia moto kwenye nyasi, wakasimama kungoja sauti. Wilkista, walikuwa wanangoja kusikia sauti ya mama. Mimi nilijua hayumo, na bado nilikuwa nangoja pamoja nao. Paa lilipoanguka Syprose alianza kupiga mayowe na hakuacha mpaka alfajiri.

Leo tangu asubuhi nimetafuta. Nimefika mtoni, nimepita ndani ya chai mpaka mwisho wa shamba pale msitu unapoanza. Mvua imefuta nyayo zote. Yule mlinzi wa usiku, Arap Mibei, pia hajaonekana tangu Ijumaa, aliacha zamu yake. Watu wanasema alikutana na mama akakimbia. Wengine wanasema mabaya zaidi. Kuna chui huko juu.

Sasa nikuambie kile nilichokificha, maana sina tena cha kulinda.

Mama aliponieleza miguu yake mara ya kwanza, kila neno nililijua. Mimi ninayo. Mwaka wa pili huu. Inaanza nikilala, inatambaa kwenye mashavu ya miguu, ninasimama, inaacha. Kila usiku nilikuwa nikimsikia anatembea nje, na mimi niko dirishani ninakanyaga sakafu polepole ili kitanda kisilie. Nilijua hana uchawi, kama mimi nisivyokuwa nao. Au nilifikiri, kama yeye anao, basi na mimi ninao, na mtoto wa Syprose atakuwa nao. Sikumfungia ili watu wasimwone yeye. Nilimfungia ili watu wasije wakamtazama yeye kisha wakaniangalia mimi.

Kama yuko hai, niambie. Kama amekufa, niambie pia.

Kepher


Hospitali ya Misheni
13 Aprili 1934

Kepher,

Mama yuko hai. Yuko hapa, kitanda cha mwisho karibu na mlango. Aliomba kitanda cha karibu na mlango.

Jumamosi niliposhuka treni pale Lumbwa nitafute gari la kuja Kericho, nilimwona ameketi kwenye benchi ya stesheni na blanketi langu kichwani. Kando yake alikuwa mzee mmoja wa Kipsigis mwenye koti la jeshi na rungu, amesimama kama anamlinda mzungu. Huyo ndiye Arap Mibei wako aliyeliwa. Alikuwa amemtoa jikoni kwako usiku wa Ijumaa, wakatembea mpaka kesho yake mchana. Mama anasema miguu haikumsumbua hata hatua moja njia yote, na alikuwa anacheka akisema hivyo, halafu akaacha kucheka.

Nilimuuliza yule mzee kwa nini aliacha kazi yake kwa ajili ya mtu asiyemjua. Akasema, "Mimi namjua. Miezi mitatu sisi wawili tu ndio tuko macho. Mimi nazunguka, yeye anazunguka. Tukikutana kwa bomba anasema habari, nasema nzuri. Mchawi gani anasalimia askari?" Vijana walikuwa wamemwomba asiwe upande ule Jumamosi. Ndipo akajua.

Nilirudi naye hapa kwa treni, na ningeweza kukupigia simu ya posta siku ileile. Sikupiga. Mama pia alimkataza mzee kusema, lakini mimi ningeweza, na nilikataa. Nilitaka ukae usiku kadhaa bila kujua. Mungu anisamehe. Barua yako ilipofika juzi niliona aibu, lakini si aibu nyingi.

Daktari amemtazama. Alimfunua kope za chini, akaniita nione: nyeupe kama ganda la yai. Damu yake imekuwa maji. Ana minyoo, ile inayoingia kwa nyayo mtu akitembea peku kwenye udongo wenye unyevu, imemnyonya miaka mingi. Amepewa dawa ya minyoo na dawa nyingine nyeusi ya chuma, ina ladha ya msumari, anainywa huku amenikunjia uso. Nilimweleza daktari habari ya miguu nikiogopa atacheka. Hakucheka. Alisema amewaona wazee wengine wa namna hiyo, na wanawake wenye mimba, hasa wale waliopungukiwa damu. Alisema hajui jina la ugonjwa huo na hawezi kuahidi utaisha. Aliuliza mama anakunywa nini jioni. Nilipomwambia chai, na ya namna gani, alishika kichwa. Hiyo chai yako inamweka macho usiku. Asiinywe tena baada ya saa sita mchana.

Tunamkanda miguu kila jioni na kumwosha kwa maji baridi. Kabla ya kulala tunazunguka uwanja wa hospitali. Wagonjwa wengine wameshazoea, wanamwita "Askari".

Kuhusu miguu yako. Ungeniambia mwaka wa kwanza. Njoo daktari akutazame kope.

Mama hakuulizii. Namwambia "Kepher ameandika", anageuza uso.

Wilkista


Kericho
20 Mei 1934

Dada Wilkista,

Nilipata barua yako nikaisoma nimepiga magoti. Samahani nimechelewa kujibu, kila nikianza nilikuwa napasua.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani baada ya matangazo. Nilikuwa nimewaza maneno mengi, lakini yote yakanitoka. Nikasema tu, "Miguu ya mama yangu, mimi pia ninayo. Kama ni uchawi, mchawi ndiye mimi. Mnajua ninapolala." Omwenga alikuwa anatazama kofia yake. Kusema kweli nilifikiri ndiyo siku yangu.

Nyanchoka ndiye aliyeinuka. Tangu azike mtoto hajawahi kusema mbele za watu. Alisema, "Usiku ule mimi ndiye nilimwita yule mama." Mumewe alikuwa zamu ya usiku, mtoto ana homa, yeye peke yake, akaogopa, na mtu aliyekuwa macho katika laini nzima alikuwa mama. Mama akasimama kwenye dirisha la nyuma akaomba naye mpaka mtoto akatulia. Ule mnong'ono ulikuwa sala. Nyanchoka alinyamaza kwa sababu aliogopa watasema yeye ndiye aliyemkaribisha mchawi kwa mwanawe. Alilia akasema, "Nimemwacha achomwe." Nilimwambia hakuchomwa. Sote wawili tulimwacha, lakini hakuchomwa.

Usidhani sasa mambo ni mazuri. Wengine wameacha kunisalimu, na wake zao wakimwona Syprose bombani wanainua ndoo zao. Wachache wamekuja mmoja mmoja, jioni, kuniuliza miguu yangu inafanyaje hasa. Mmoja wao alikuwa miongoni mwa wale ishirini. Arap Mibei amerudishiwa kazi baada ya mimi na Nyanchoka kwenda kumsemea kwa mwenye shamba. Nikitembea usiku sasa natembea nje, tunakutana, tunasalimiana.

Syprose naye miguu imeanza, labda kwa mimba. Tunakandana. Chai jioni tumeacha.

Nataka kuja kumwona mama. Naogopa kuja. Muulize.

Kepher


Hospitali ya Misheni
10 Juni 1934

Kepher,

Maneno haya ni ya mama. Mimi ni mkono tu, kama alivyosema ndivyo nilivyoandika. Wilkista.

Mwanangu,

Damu imerudi kidogo. Wiki hii nimelala usiku wa siku nne kati ya saba. Zile tatu nilitembea uwanjani na dada yako, na hakuna aliyefunga mlango. Daktari anasema haitaisha yote. Sawa. Nimeishi nayo tangu sijavunja ungo, tutazeeka pamoja.

Wewe usilale ukipigana nayo. Ikianza, mwambie mkeo, "Imeanza," halafu uinuke. Ukitaja kitu kinapungua. Mimi miaka yote sikutaja, kwa sababu nilijua jina watakalonipa. Ningekuambia ungali mdogo, ungejua ni miguu tu. Hilo ni langu, nalibeba.

Kericho sirudi. Mtoto akizaliwa mleteni hapa.

Dada yako anasema unataka kuja lakini unaogopa. Nami nitakuambia kweli, maana tumechoka kufichana. Wale watu wa moto mimi sikuwaogopa, sikujua hata kama wanakuja. Niliyemwogopa ni wewe. Kila jioni nilikuwa nasikia hatua zako zikija na ule ufunguo, na nilikuwa naomba Mungu uwe mtu mwingine. Hata sasa, mfanyakazi wa hospitali akipita na funguo, moyo unanikimbia, na ninakasirika, kwa sababu wewe ni mtoto wangu na hatua zako nilizifundisha mimi.

Siwezi kuiamuru hofu iondoke. Lakini siwezi pia kungoja mpaka iishe ndipo nikuone, mimi ni mzee.

Kwa hiyo njoo. Njoo mchana, jua likiwa juu. Usije kimya. Uniite kwa sauti tangu kule barabarani, uendelee kuniita mpaka ufike mlangoni, nami nitakuwa nimesimama nje.

Mama yako,
Jerusa
(alama ya kidole gumba)